KUMBE MAJI KWENYE KOMPYUTA YA GEMU YALIANZIA KWENYE REJETA YA GARI BOVU

Siku hizi ukifungua simu tu unakutana na video ya kompyuta ya gemu yenye mabomba yanayong'aa, maji ya pinki yanazunguka, taa zinawaka kama ukumbi wa harusi. Na chini yake kila mtu anaandika "siku nikipata hela". Ndo maana nimeona hii stori niiweke hapa, maana wengi tunaamini maji kwenye kompyuta ni mambo ya matajiri, kitu kilichobuniwa na kampuni kubwa ili mwenye nazo aonekane anazo. Wapi! Maji yaliingia kwenye kompyuta za majumbani kwa sababu watu hawakuwa na hela. Na waliofanya hivyo hata majina yao hatuyajui.

Tuanzie mbali kidogo, halafu tutakimbia.

Kompyuta kubwa za zamani, zile za kujaza chumba, zilikuwa na maji muda mrefu kabla ya mimi na wewe kuzaliwa. IBM walipotangaza mashine yao ya System/360 Model 91 mwaka 1964, maji yalikuwa sehemu ya mpango wa kuipoza. Mwaka 1980 wakaja na nyingine inaitwa 3081, na humo ndani kulikuwa na kitu cha ajabu: chipu zaidi ya 100 zimepangwa kwenye kigae kimoja, kila chipu inakandamizwa na pistoni yake ndogo inayovuta joto na kulipeleka kwenye bamba linalopitisha maji baridi. Halafu mwaka 1985 ikaja Cray-2 ya Marekani, wao waliona maji hayatoshi. Walizamisha saketi zote, nzima nzima, ndani ya kimiminika maalumu kisichopitisha umeme. Ukikaa pembeni yake unaona vipovu vinapanda kwenye tangi la kioo, mpaka watu wakaipa jina la utani la "Bubbles", yaani vipovu.

Ila hizo zilikuwa mashine za serikali, mabenki na maabara. Mtu wa kawaida hazikumhusu. Na miaka ya katikati ya 90 hata IBM wenyewe wakaanza kurudi kwenye hewa, kwa sababu chipu za aina mpya zilikuwa hazili umeme mwingi kama za mwanzo. Maji yakafungashiwa virago.

Nyumbani nako hali ilikuwa shwari. Kompyuta nyingi za 486 zile za mwanzo prosesa yake haikuwa hata na feni. Inakaa tu pale kwenye mazabodi, inapumua yenyewe.

Sasa ndo tunafika kwenye utamu. Agosti 1998 Intel walitoa prosesa ya bei ya chini inaitwa Celeron 300A. Ilikuwa ya megahezi 300. Watu wakagundua kitu: kasi yake inatokana na hesabu rahisi tu, 66 mara 4.5. Ile 4.5 imefungwa huwezi kuigusa, lakini ile 66 ni mpigo wa mazabodi, na mazabodi nyingi zilikuwa zinaweza kupiga 100. Ukibadilisha hapo, 100 mara 4.5 unapata 450. Na megahezi 450 ilikuwa ndo kasi ya Pentium II ya juu kabisa ya Intel wakati huo, ambayo bei yake ilikuwa mara kadhaa ya hiyo Celeron. Kwenye gemu zilikaribiana sana. Yaani umenunua Vitz, umefungua boneti, ukageuza skrubu moja, unakimbizana na Crown.

Hiyo Celeron yenyewe wala haikuhitaji maji, feni ya kawaida ilitosha. Lakini iliwafungua watu macho. Wanafunzi, vijana wa mabwenini, mafundi wa gereji huko Marekani, Ulaya, Australia, wakaanza kuwasha mashine usiku wakijaribu kila prosesa inaweza kukimbizwa mpaka wapi. Wenyewe wanaita ovakloki.

Mwaka 2000 AMD wakaingia na Athlon mpya na mdogo wake Duron. Hizi nazo kasi yake ilikuwa imefungwa, lakini lile fungo lilikuwa vinukta vidogo vya chuma juu ya prosesa vilivyokatwa visigusane. Unajua watu walivifungua na nini? Penseli. Ile ya kawaida ya shule. Unachora mstari kutoka nukta moja mpaka nyingine, kile cheusi cha penseli kinapitisha umeme, kufuli limefunguka. Naipenda sana hii kwa sababu haina hata mtu mmoja wa kupongezwa. Ilisambaa tu.

Shida ikawa joto. Athlon ya mwaka 2001, ile ya gigahezi 1.4, ilikuwa inakula mpaka wati 72, na joto lote linatoka kwenye kipande cha silikoni kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Pale juu hakuna kifuniko, silikoni iko uchi. Ukikandamiza vibaya kipoza joto wakati wa kufunga, kona inavunjika, prosesa imekwenda. Na haikuwa na uwezo wa kujizima yenyewe ikizidiwa kama za leo. Kipoza joto kikichomoka, ndani ya sekunde chache unasikia harufu, hela imekuwa moshi.

Dawa ya hewa ilikuwepo, lakini ilikuwa mateso. Ni feni ndogo ya milimita 60 inayozunguka karibu mara 7,000 kwa dakika. Hebu fikiria mashine ya kukaushia nywele saluni, imewekwa chumbani unapolala, na haizimwi.

Hapo ndo akili za gereji zikaanza kufanya kazi.

Wale waliosoma fizikia sekondari wanaikumbuka ile namba ya 4,200. Kilo moja ya maji inahitaji jouli kama 4,200 ili ipande nyuzi moja ya sentigredi. Hewa inahitaji kama 1,000 tu. Lakini hewa ni nyepesi, kilo moja inajaza karibu kabati zima. Ukilinganisha lita kwa lita, maji yanabeba joto karibu mara 3,500 ya hewa. Mimi niliikariri ile namba kwa ajili ya mtihani tu, hakuna aliyeniambia kwamba kuna watu wameitumia kuiba kasi ya prosesa.

Kwa hiyo unahitaji vitu vinne. Kitu cha kuchukua joto kwenye prosesa, pampu ya kusukuma maji, mipira ya kupitishia, na rejeta ya kulitupa joto nje. Madukani kulikuwa karibu hakuna kitu. Vichache vilivyokuwepo vilikuwa ghali, na mtu aliyenunua prosesa ya bei ya chini ili aibane bajeti hawezi kwenda kulipa bei ya prosesa nyingine kwa ajili ya maji.

Basi wakaenda kwenye magari mabovu. Magari ya nchi za baridi yana rejeta mbili. Ile kubwa ya mbele kila mtu anaijua, halafu kuna ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, kazi yake ni kuchukua joto la injini na kulipuliza ndani ili abiria wasigande. Hiyo ndogo ndo dhahabu. Ina ukubwa wa kama kitabu kinene, imetengenezwa kwa shaba, na dukani au kwa wauza spea chakavu ilikuwa bei ya kutupa. Iliyopata umaarufu kuliko zote ilikuwa ya Pontiac Bonneville ya mwaka 1977. Yaani kuna vijana walikuwa hawajazaliwa wakati hilo gari linatengenezwa, lakini wanaijua rejeta yake kwa vipimo, kwa sababu feni mbili za milimita 120 zinakaa juu yake karibu kama zimetengenezewa. Nyingine ilikuwa ya Chevrolet Chevette. Unaisafisha kwa maji ya moto na siki mpaka uchafu wa miaka 20 uishe, unatengeneza kiboksi cha kushikilia feni, umemaliza.

Pampu ilitoka kwenye matangi ya samaki. Za Eheim kutoka Ujerumani zilisifika kwa sababu zilikuwa kimya na zinadumu. Mipira ikatoka maduka ya vifaa vya ujenzi. Na kile kipande cha kukaa juu ya prosesa wengi walikitengeneza kwa mkono: kipande kinene cha shaba, unatoboa njia kwa drili, unaziba matundu yasiyotakiwa, unasugua sehemu ya chini kwa msasa mpaka unaona sura yako.

Mipango yao ndo ilinishika zaidi. Hao watu hawakuwa wanabahatisha. Kila kosa lilikuwa na bei na hakuna wa kumrudishia kitu, warantii ilishakufa siku ile ya penseli. Kwa hiyo walichora kwanza kwenye karatasi. Maji yatoke wapi, yapite wapi, tangi likae juu ya pampu ili pampu isije ikavuta hewa ikaungua. Pampu ya samaki inatumia umeme wa ukutani, sio ule mdogo wa ndani ya kompyuta, hivyo ukisahau kuiwasha unapika prosesa. Wakaweka swichi ndogo ya rilei: ukiwasha kompyuta, pampu nayo inaamka yenyewe. Wengine walijaza maji, wakawasha pampu peke yake na kuiacha siku nzima bila kuunganisha kompyuta, wameweka karatasi chini ya kila kiungio kutafuta tone.

Na bado walilizwa. Kuna mambo mawili yaliwaliza bila kuvuja hata tone. La kwanza ni mwani. Maji ya bomba yakikaa kwenye mpira unaopitisha mwanga yanageuka kijani, njia ndogo zinaziba. Wakajifunza kutumia maji safi yasiyo na madini na kuweka dawa kidogo. La pili ni baya zaidi. Shaba na aluminiamu zikikutana kwenye maji yale yale zinafanya kama betri, aluminiamu inaliwa taratibu. Hauoni kitu, miezi inapita, siku moja rejeta ina tundu. Haya unayasoma leo kwenye dakika moja ya video, lakini kuna mtu alilipa mazabodi nzima ili wewe ujue.

Walikuwa wanapima pia, sio kupiga stori. Kipimajoto kwenye maji, kipimajoto chumbani, matokeo yanaandikwa, mwingine wa nchi nyingine anarudia aone kama ni kweli. Huko Australia kulikuwa na mmoja aliyefahamika zaidi kwa jina la mtandaoni, alitengeneza kipoza cha prosesa ambacho maji hayapiti tu juu ya shaba, yanapigwa kwa nguvu kupitia vijitundu vidogo mpaka yanafika karibu kabisa na silikoni. Kilikuwa kikali kiasi kwamba baadaye kampuni ya Marekani iliuza bidhaa yenye ubunifu wake. Huyo angalau jina la utani lipo. Aliyeanzisha rejeta ya Bonneville, au yule wa penseli, nenda kawatafute.

Kampuni zilikuwa zinaangalia. Katikati ya miaka ya 2000 rejeta zilishaanza kuuzwa zikiwa zimekatwa kabisa kwa kipimo cha feni ya milimita 120, na pampu za Laing za volti 12 zikaja, zinakula umeme wa kompyuta yenyewe, rilei haina kazi tena. Juni 2004 hata Apple wakatangaza Power Mac G5 ya gigahezi 2.5 ikiwa na kupozwa kwa kimiminika kutoka kiwandani. Baadhi ya hizo baadaye zikaja kuvuja na kuozesha vyuma vya ndani, kwa hiyo usidhani kuvuja ni aibu ya gereji peke yake.

Mwaka huohuo Intel walikuwa wamekwama na Pentium 4 yao ya moto, zaidi ya wati 100, mpaka Mei 2004 wakaifuta prosesa iliyokuwa ifuate. Mwaka 2006 wakaleta Core 2, nyingi zilikuwa za wati 65, zina kasi na zimetulia. Sababu ya kutoboa shaba ikapungua.

Ila biashara ilishaona soko. Mwaka 2009 Corsair wakatoa H50, iliyotengenezwa na Asetek wa Denmark: pampu, kipoza, mipira na rejeta vimefungwa kiwandani, haujazi maji, unafunga skrubu tu. Ile ndo mama wa karibu zote unazoziona leo zimeandikwa 240 au 360. Na hapo ndo stori ilipogeuka. Kitu kilichobuniwa ili prosesa ya bei ya chini ifanye kazi ya prosesa ghali, sasa kinauzwa kwa mwenye prosesa ghali ili ipendeze. Mabomba magumu yanayopindwa kwa moto, maji ya rangi (ambayo mengine yanaziba njia, wale wa gereji wangecheka), taa mpaka kwenye pampu. Sina ugomvi na urembo, kila mtu na hela yake. Lakini nikiona kijana anajinyima miezi sita ili aweke mabomba kwenye prosesa ya wati 65, naumia. Feni nzuri inaimaliza hiyo kazi, chenji inakwenda kwenye kadi ya picha na gemu inapaa.

Joto lenyewe limerudi lakini, hilo nalo tuseme ukweli. Kadi ya RTX 4090 ya mwaka 2022 imewekewa wati 450, na 5090 iliyotoka Januari 2025 ni wati 575. Core i9-14900K inaruhusiwa kupanda mpaka wati 253. Jumlisha mbili za juu uone, hiyo ni pasi ya nguo iko mezani. Na huko kwenye mashine za akili bandia, kabati moja la Nvidia lenye chipu 72 linapozwa kwa kimiminika kwa sababu hewa haiwezi tena. Wamerudi kulekule alikokuwa IBM mwaka 1964.

Kwa hiyo ukiamua kweli unataka maji, panga kama wale wa gereji. Anza na wati, sio rangi. Lita moja ya maji kwa dakika ikibebeshwa wati 70 inapanda nyuzi moja. Ukiwa na wati 500 na pampu inasukuma lita tatu kwa dakika, maji yanatoka yamepanda nyuzi mbili na ushee tu, kwa hiyo usihangaike na pampu kubwa sana. Kazi iko kwenye rejeta. Hesabu ya mtaani ni nafasi ya feni moja ya 120 kwa kila kitu unachopoza, halafu uongeze moja, na kwa kadi kama hizo za juu ongeza tena.

Halafu kuna hili ambalo video za Ulaya hazikuambii. Maji hayawezi kuwa baridi kuliko chumba. Rejeta inayoacha maji nyuzi 10 juu ya hewa, kwenye chumba cha nyuzi 22 inakupa maji ya 32. Chumba cha Dar au Mombasa mwezi wa pili, nyuzi 32, rejeta ileile inakupa 42. Haijaharibika, ndo hesabu ilivyo. Ukitaka namba za kwenye video ongeza rejeta, au ukubali tu, maana prosesa yenyewe haiogopi 70. Na usimsikilize anayekwambia utumbukize barafu: kwa unyevu wetu wa pwani mipira na shaba vitatoka jasho, na hilo jasho linadondokea kwenye mazabodi.

Na kama umeshaanza kuwaza spea za Gerezani, nakuona. Wazo ni zuri, lakini zile za zamani zilikuwa za shaba. Magari ya miaka hii mengi rejeta zake ni aluminiamu, na kipoza chako cha prosesa ni shaba. Ushajua zinafanyana nini kwenye maji. Kwaruza kidogo kwa kisu: ikitoka rangi ya dhahabu au wekundu, chukua. Ikitoka nyeupe, muachie mwenye gari.

Maji tumia yale safi ya betri, hakikisha sio tindikali, watu huwa wanachanganya. Tangi juu, pampu chini. Tishu nyeupe chini ya kila kiungio, washa pampu peke yake saa 24, kompyuta isiguswe na umeme. Ukiona doa hata moja, kaza, kausha, badilisha tishu, anza kuhesabu saa upya.